Kuchagua Televisheni ya HD ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Makosa mengi ya kununua televisheni hufanyika kabla mnunuzi hajaingia dukani. Hajapima ukuta, hajapima umbali wa kiti, hajajiuliza picha itatoka wapi. Akifika dukani anakuta vioo vinawaka ukuta mzima, kila kimoja kimebandikwa herufi na namba, na anaishia kuchukua kinachong'aa kuliko vyote. Hapa tunakwenda kwa mpangilio mwingine: kwanza chumba, halafu kile kitakachotazamwa, ndipo kioo. Maandishi ya kwenye boksi huanza kueleweka baada ya hapo.

Anza na futi ya kupimia

Kaa pale unapokaa kila siku, mtu mwingine apime kwa sentimita kutoka machoni pako hadi mahali kioo kitakapokuwa. Ukigawa umbali huo kwa 4 unapata inchi za juu kabisa zinazofaa: picha inayojaa machoni kama ya ukumbi wa sinema. Ukigawa kwa 6 unapata kiwango cha chini, kinachotosha taarifa ya habari na vipindi vya mazungumzo. Umbali wa sentimita 270, kwa mfano, unatoa inchi 45 hadi 67. Hapo 50, 55 na 65 zote zinafaa, na ya 32 itakulazimisha kukunja uso kila unapotaka kusoma matokeo ya mpira.

Inchi hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe, kwa hiyo hazikuambii upana. Kwa vioo vya uwiano wa 16:9, zidisha inchi kwa 2.21 upate upana kwa sentimita, na kwa 1.25 upate kimo. Kwa kukadiria:

inchi 32: sm 71 kwa 40
inchi 43: sm 95 kwa 54
inchi 50: sm 111 kwa 62
inchi 55: sm 122 kwa 68
inchi 65: sm 144 kwa 81
inchi 75: sm 166 kwa 93

Ongeza sentimita moja au mbili za fremu kila upande. Kama televisheni itasimama mezani, kinachowaumbua wengi ni miguu. Televisheni nyingi za siku hizi zina miguu miwili iliyo karibu na ncha za kioo, si kitako kimoja cha katikati. Meza ya sentimita 100 inaweza kuonekana inatosha kioo cha inchi 55, kumbe miguu imeachana sentimita 105. Tafuta kipimo hicho kwenye maelezo ya modeli kabla ya kulipa.

Kimo nacho kina kanuni yake. Mtu mzima aliyekaa kwenye kochi, macho yake huwa kati ya sentimita 100 na 110 kutoka sakafuni, na katikati ya kioo panapaswa kuwa karibu na hapo. Televisheni iliyotundikwa juu karibu na dari inachosha shingo, na kwa aina fulani za vioo inapoteza rangi pia, kwa sababu unaitazama kutoka chini badala ya mbele.

Tazama madirisha pia. Dirisha lililo mkabala na kioo litajitokeza ndani ya picha mchana kutwa. Ukiweza, weka televisheni kwenye ukuta ulio pembeni ya dirisha. Usipoweza, kumbuka hilo utakapofika kwenye suala la mwangaza.

Picha itatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji hawaulizi, nalo lina uzito kuliko mengi watakayoyasema. Kioo cha 4K kina pikseli, yaani vitone vinavyounda picha, 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400. Picha ya kawaida ya king'amuzi kisicho cha HD, kwa mfumo wa mistari 576, ina pikseli 720 kwa 576, jumla 414,720. Gawanya: kila pikseli moja inayoingia inapaswa kujaza nafasi ya pikseli 20. Kumi na tisa kati ya hizo televisheni inazibuni yenyewe. Hata mashine iliyo hodari haiwezi kurudisha nywele na majani ambayo hayakutumwa. Ndiyo maana mtu hununua kioo kikubwa, akaunganisha king'amuzi chake cha zamani, akashangaa picha imekuwa mbaya kuliko ya televisheni ndogo aliyoiondoa. Haikuharibika kitu, ukungu uleule umetandazwa mahali papana zaidi.

Kwa hiyo orodhesha vyanzo vyako. Kama ni king'amuzi, hakikisha kwamba ni cha HD na kwamba kifurushi chako kina chaneli za HD. Kisha angalia waya. Zile nyaya tatu za njano, nyekundu na nyeupe hazipitishi picha ya HD hata siku moja. King'amuzi cha HD kilichounganishwa kwa nyaya hizo kinatoa picha ya kawaida tu, na wapo watu wanaokaa miaka bila kujua. Tumia waya wa HDMI, unaopitisha picha ya HD pamoja na sauti, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na uweke 1080i au 1080p, yaani picha ya mistari 1080, maana vingine hubaki kwenye 576 hadi uvibadilishe kwa mkono.

Kama ni intaneti, kasi ndiyo inayoamua. Netflix hupendekeza megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K. Piga hesabu: megabiti 15 kwa sekunde kwa saa nzima ni karibu gigabaiti 6.75. Anayelipia data kwa kipimo afikirie hilo kabla ya kufurahia neno 4K. Kasi ipimwe pale televisheni itakapokaa, si kando ya ruta.

Kama ni flashi au diski ya USB, angalia televisheni inasoma mifumo gani ya kuhifadhi. Flashi iliyoformatiwa kwa FAT32 haibebi faili moja linalozidi gigabaiti 4, na filamu nyingi za ubora wa juu huzidi hapo. Itabidi exFAT au NTFS, na si kila televisheni inazisoma zote mbili.

HD, Full HD, 4K, 8K

HD ni pikseli 1280 kwa 720. Vioo vingi vya bei nafuu vya inchi 32 vinavyouzwa kwa jina hilo kwa kweli vina 1366 kwa 768, kipimo ambacho hakilingani na matangazo yoyote: picha ya 720 inavutwa kidogo, ya 1080 inabanwa. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni mara nne ya hapo. 8K ni 7680 kwa 4320.

Je, jicho linaona tofauti? Inategemea umbali. Jicho zima hutenganisha vitu viwili vyenye pembe ya dakika moja hivi, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa kipimo hicho, kioo cha inchi 32 chenye 1366 kwa 768 hakionyeshi vitone vyake ukikaa zaidi ya mita 1.8. Kioo cha inchi 55 cha Full HD huficha vitone vyake kuanzia mita 2.2, na cha 4K cha ukubwa huohuo kuanzia mita 1.1. Maana yake ni kwamba aliyekaa mita 3 kutoka kioo cha inchi 55 hapati faida kubwa kwa wingi wa pikseli za 4K peke yake.

Hata hivyo, kuanzia inchi 50 kwenda juu, nunua 4K tu. Sababu ni ya kiwanda zaidi kuliko ya macho: katika ukubwa huo vioo vizuri, prosesa nzuri na milango mipya ya HDMI huwekwa kwenye 4K, na Full HD iliyobaki ni ya daraja la chini. Kwa inchi 32 ya chumbani, HD inatosha, ingawa Full HD ni bora kama itatumika pia kama skrini ya kompyuta, maana maandishi huonyesha vitone haraka kuliko filamu. 8K iache. Ili uone faida yake kwenye inchi 65 itabidi ukae karibu kuliko mita 1.3, na vitu vya kutazama vya 8K ni vya kutafuta kwa tochi.

Kioo chenyewe

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda au inapopotea. Ukipanga mambo yanayofanya picha ivutie, kontrasti, yaani umbali kati ya weusi kabisa na weupe kabisa, hutangulia idadi ya pikseli. Picha ya Full HD yenye weusi wa kweli huonekana hai kuliko ya 4K ambayo usiku wake ni kijivu.

Televisheni inayoitwa LED kwa kweli ni LCD yenye taa za LED nyuma yake. Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinafanya kazi kama pazia mbele ya taa, na pazia haliwezi kuziba mwanga wote. Kinachoitwa QLED ni LCD hiyohiyo iliyoongezwa tabaka la chembe ndogo mno zinazosafisha rangi za taa ya nyuma, ili nyekundu na kijani zikolee. Tofauti ya herufi moja tu kati ya QLED na OLED, ambayo ni teknolojia nyingine kabisa tutakayoifikia, imewagharimu wengi.

Ndani ya LCD kuna familia mbili kubwa. VA ina kontrasti ya asili kuanzia karibu 3000 kwa 1 na kuendelea, hivyo weusi wake ni mzuri gizani, lakini ukiitazama kutoka pembeni rangi hupauka. IPS inashika rangi ukiwa pembeni, lakini kontrasti yake ni karibu 1000 kwa 1, hivyo usiku wake una ukungu wa kijivu. Boksi halitakuambia ni ipi. Simama mbele ya kioo kinachoonyesha uso wa mtu, kisha sogea hadi pembe ya digrii 45. Rangi ya ngozi ikififia sana, ni VA. Familia inayokaa imejipanga kwenye ukuta mzima wa sebule itafaidi IPS; wanaokaa mbele na kutazama filamu usiku wachukue VA bila kusita.

Kisha taa. Katika televisheni nyembamba za bei ya chini, taa hupangwa ukingoni na mwanga husambazwa na karatasi maalumu, na ndiyo sababu pembe za kioo huonekana na mwanga unaovuja. Nyingine hupanga taa nyuma ya kioo chote. Bora zaidi ni zile zinazozima na kuwasha taa kwa kanda: eneo la picha lenye giza huzimiwa taa zake, lenye jua huongezewa. Idadi ya kanda ndiyo inayoleta tofauti. Zikiwa chache, mwezi angani huzungukwa na wingu la mwanga; zikiwa mamia, kama kwenye nyingi za Mini-LED, zenye taa ndogo sana, wingu hilo hupungua sana.

OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli inajiwakia na kujizima yenyewe, kwa hiyo weusi wake ni kuzimwa kweli, na rangi hubaki ukitazama kutoka pembeni. Udhaifu wake ni mwili. Vitone hivyo huchakaa kwa matumizi, na kitu kisichosogea, kama nembo ya chaneli au utepe wa habari unaokaa chini saa nyingi kila siku kwa miezi, kinaweza kuacha alama isiyofutika. Nyumba inayowasha chaneli moja ya habari asubuhi hadi usiku isinunue OLED. Anayenunua asiwe na mazoea ya kuchomoa waya ukutani mara tu baada ya kuizima kwa rimoti, kwa sababu ni katika hali ya kusubiri ndipo televisheni hizi hujirekebisha vitone vyake. Ukikata umeme kila siku, kazi hiyo haifanyiki.

Tukiwa kwenye taa: LCD yenye sauti lakini bila picha, mara nyingi taa zake za nyuma ndizo zilizokufa. Mulika kioo kwa tochi kwenye chumba chenye giza; ukiona picha hafifu ikitembea, kioo ni kizima na fundi anaweza kubadilisha mikanda ya taa. Taa hufa mapema kwa joto la kuendeshwa kwa nguvu zote, kwa hiyo kushusha mwangaza kutoka 100 hadi 60 au 70 kunaongeza umri wake.

HDR na ahadi zake

HDR ni namna ya kurekodi na kutuma picha yenye mwangaza mkali zaidi na rangi nyingi zaidi. Picha ya kawaida hutengenezwa kwa kiwango cha niti (kipimo cha mwangaza) 100 hivi. Ya HDR hutengenezwa kwa 1000, wakati mwingine 4000. Rangi nazo hupanda kutoka biti 8, yaani milioni 16.7, hadi biti 10, zaidi ya bilioni moja, na mawingu hayaonyeshi tena michirizi.

Ujanja wa wauzaji uko hapa: boksi likiandika HDR linaweza kumaanisha tu kwamba televisheni inapokea ishara hiyo. Kioo cha niti 300 kisichozima taa kwa kanda kinapokea picha ya niti 1000 kisha kinaibana, na mara nyingi matokeo ni meusi kuliko picha ya kawaida. Kwa LCD, tafuta angalau niti 600 pamoja na kanda za taa. Chini ya hapo usiongeze hata senti kwa ajili ya neno HDR. OLED inafaa hata ikiwa na niti chache kiasi, kwa sababu weusi wake unabeba nusu ya kazi.

Majina ni manne. HDR10 ndiyo msingi na karibu kila kitu kinaitumia. Dolby Vision na HDR10+ huongeza maelekezo yanayobadilika tukio kwa tukio. HLG, iliyobuniwa na BBC ya Uingereza na NHK ya Japani, ni ya matangazo ya hewani. Zikilingana mengine yote, chukua yenye Dolby Vision, lakini usiache kioo bora kwa sababu ya nembo hiyo.

Mwendo wa picha

Kioo halisi huonyesha picha mara 50 au 60 kwa sekunde, au mara 100 au 120, na baadhi ya vipya mara 144 au zaidi kidogo. Namba kama 200, 240 na 800 mara nyingi ni za idara ya matangazo. Uliza kasi ya asili ya kioo.

Filamu nyingi hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 24 bila baki, fremu moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na kamera inapozunguka polepole picha inakwamakwama. Kwenye 120 kila fremu huonyeshwa mara tano sawasawa. Mpira nao hunufaika. Ila zima kile kipengele cha kubuni fremu za katikati unapotazama filamu. Ndicho kinachofanya tamthilia ya gharama kubwa ionekane kama video ya harusi.

Kwa wacheza gemu, tafuta 120 Hz (mara 120 kwa sekunde) ya kweli, HDMI 2.1, na hali ya gemu inayopunguza kuchelewa kati ya kubonyeza na kuona. Wengine wanaweza kuishi na 60 Hz bila majuto.

Milango ya nyuma na umeme

Hesabu vifaa vyako, ongeza mmoja: milango mitatu ya HDMI ndiyo kiwango cha busara. HDMI 1.4 inabeba 4K kwa fremu 30 tu, 2.0 inabeba 4K kwa 60, na 2.1 inafika 4K kwa 120. Mlango mmoja uwe na ARC au eARC, yaani njia ya kutoa sauti ya televisheni kwa waya uleule, kwa ajili ya spika za nje. Vifaa vya 4K vyenye ulinzi wa haki miliki hudai HDCP 2.2, kufuli la kidijitali la kuzuia kunakili, kwenye kila kifaa kilicho njiani. Kimoja tu kikikosa, picha inashuka au inakataa kabisa.

Waya wa HDMI wa bei ya kutisha hauongezi uzuri. Ishara ni ya dijitali: inafika, au unaona vimulimuli na kioo kinachozima na kuwaka. Kwa 4K ya fremu 60 nunua ulioandikwa Premium High Speed; kwa 120, Ultra High Speed. Na kama kifaa chako cha 4K HDR kinaonyesha picha ya kawaida, ingia kwenye mipangilio ya mlango husika wa HDMI na uwashe hali iliyoboreshwa. Televisheni nyingi hutoka kiwandani ikiwa imezimwa.

Antena ndiyo inayowaponza wanaoagiza televisheni kutoka nchi nyingine. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia familia ya DVB, Marekani ATSC, Japani na Brazili ISDB-T. Televisheni ya mfumo mmoja haitashika matangazo ya hewani ya mfumo mwingine, ingawa HDMI na intaneti zitafanya kazi. Soma pia kibandiko cha umeme: kiandike volti 100 hadi 240. Iliyoandikwa 120 pekee ikichomekwa kwenye 230 hufa siku hiyohiyo. Pale umeme unapopanda na kushuka, weka kifaa cha kulinda kinachochelewesha kurudisha umeme kwa dakika chache baada ya kukatika. Dakika za mwanzo ndizo zenye mawimbi yanayoua.

Programu ndani yake

Google TV, webOS ya LG, Tizen ya Samsung, Roku na Fire TV zote hupokea programu kubwa za filamu. Tahadhari ni kwa televisheni zenye Android isiyo na kibali cha Google: zinaonekana za kisasa, lakini huduma nyingi za filamu huzibana kwenye picha ya kawaida au hazifunguki kabisa. Angalia pia RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu. Gigabaiti 1 itaanza kukwama baada ya masasisho machache; 2 ni kianzio kizuri kwa 4K.

Lakini hili lisikutawale. Kioo kizuri chenye programu mbovu huokolewa na kijiti chenye programu zake kinachochomekwa kwenye HDMI. Kioo kibovu chenye programu nzuri hakina dawa.

Sauti iko vilevile. Watt 10 mara mbili, spika zikielekea chini, ni kawaida ya televisheni nyembamba. Tenga sehemu ya bajeti kwa spika ya nje badala ya kulipia majina ya sauti kwenye boksi.

Dukani

Nenda na flashi yenye klipu unayoijua vizuri, ikiwa na tukio la giza na tukio la mpira, pamoja na picha tupu sita: nyeusi, nyeupe, kijivu, nyekundu, kijani, buluu. Omba televisheni itolewe kwenye hali ya dukani na iwekwe hali ya sinema, kisha linganisha. Kinachopendeza kwenye hali ya dukani ni mwangaza na rangi zilizozidishwa ili kushinda taa za duka.

Nakili namba kamili ya modeli kutoka kwenye kibandiko cha nyuma. Herufi moja ya mwisho inaweza kumaanisha kioo tofauti ndani ya jina lilelile la mfululizo.

Ukishaamua, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: boksi lako lenyewe lifunguliwe na televisheni iwashwe mbele yako. Picha nyeupe inafichua vitone vilivyokufa. Nyeusi inafichua vilivyoganda vikiwaka na mwanga unaovuja pembeni. Kijivu ndiyo kali kuliko zote: inaonyesha michirizi na mabaka yatakayokukera kila kamera inapofuata mpira uwanjani. Dosari ndogo pembeni ni za kawaida kwa LCD. Baka la katikati likatae.

Kubeba na kutundika

Televisheni husafirishwa ikiwa imesimama. Kuilaza kunaelekeza uzito wa kioo katikati, na shimo moja la barabarani linatosha. Kioo kikipasuka, kukibadilisha hugharimu karibu sawa na televisheni mpya, na waranti hailipi.

1. Soma kipimo cha VESA, yaani umbali wa matundu ya skrubu nyuma: 200 kwa 200 mm, 400 kwa 400 na kadhalika. Breketi ilingane nacho na ibebe uzito unaozidi wa televisheni.
2. Tumia skrubu za kipenyo kilichotajwa kwenye kijitabu, mara nyingi M6 au M8, na M4 kwa ndogo. Zikiwa ndefu kupita kiasi hutoboa sakiti au kioo. Ongeza washa (vipete vya kuwekwa chini ya skrubu) badala ya kulazimisha.
3. Tambua ukuta. Tofali gumu na zege hushika boliti za kutanuka. Tofali lenye matundu linahitaji vishikizo vyake maalumu. Ukuta wa bodi ufungwe kwenye nguzo zilizo ndani, kamwe si kwenye bodi peke yake.
4. Hakikisha hakuna waya wa umeme wala bomba mahali unapotoboa; mstari wa wima juu na chini ya soketi ndio hatari zaidi.
5. Toboa, piga pimamaji, kaza, kisha vuta breketi kwa uzito wa mwili kabla ya kupachika.
6. Chomeka nyaya za HDMI kabla ya kuisukuma ukutani. Watu wawili waipachike, wakishika fremu, si kioo.

Acha sentimita 5 hadi 10 kuzunguka matundu ya hewa.

Siku ya kwanza kwenye rimoti

Televisheni ikiuliza inatumika wapi, chagua nyumbani. Kisha badilisha hali ya picha kutoka Vivid au Dynamic kwenda Movie, Cinema au Filmmaker. Itaonekana ya manjano kwa siku mbili; vumilia, macho yatazoea, kwa sababu weupe wa buluu ndio uliokuwa na kosa.

Shusha ukali wa kingo hadi mstari mweupe unaozunguka maandishi utoweke. Mpangilio wa saizi ya picha uweke kwenye Just Scan, Screen Fit au jina linalofanana, kwani la sivyo televisheni hukata kingo na kuvuta kilichobaki, na HD yako inakuwa si HD tena. Rekebisha taa za nyuma kulingana na chumba, ukijua kwamba kwenye baadhi ya televisheni neno Brightness linagusa kina cha weusi wala si taa. Ukilipandisha hilo, usiku wote unakuwa kijivu. Zima hali ya kuokoa umeme kama inatia giza picha mchana. Sauti ikichelewa nyuma ya midomo baada ya kuunganisha spika, tafuta mpangilio wa kuoanisha sauti na usogeze kwa milisekunde 10 kila mara.

Sasisha programu, kisha tazama kama kawaida kwa wiki nzima, pamoja na usiku mmoja taa zote zikiwa zimezimwa. Vitone, mabaka na milango mibovu hujitokeza ndani ya siku hizo. Boksi, povu na risiti visiondoke nyumbani hadi muda wa kurudisha bidhaa upite.